Maswali ya Wasomaji: Transleta za FM na vituo vidogo vya redio nchini Marekani

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi jinsi vituo vingi vya AM nchini Marekani vinavyosikika sasa kwenye bendi ya FM kupitia mitambo midogo iitwayo transleta. Barua zilizofuata zimetoka hasa kwa wasomaji wanaofanya kazi katika vituo hivyo, na maswali yao ni ya watu wenye uamuzi wa kufanya. Tumechagua sita.

Ndugu Mhariri, nauza muda wa matangazo ya biashara katika kituo kidogo cha AM jimboni Iowa. Jua likizama hutulazimu kupunguza nguvu hadi wati chache, na wateja wangu wenye migahawa na maduka ya jioni hawaoni faida ya kutulipa. Mmiliki wetu anasema dawa ni transleta. Ni kitu gani hasa, na kinatofautianaje na kituo cha FM cha kawaida?

Ndugu msomaji, transleta ni mtambo unaopokea matangazo ya kituo kimoja, tukiite kituo mama, na kuyarusha upya wakati huohuo kwa masafa mengine ya FM. Nguvu yake haizidi wati 250, ilhali kituo kikubwa cha FM nchini humo huweza kurusha kwa kilowati 100. Ukiona jina lake la leseni utaitambua mara moja, kwa sababu huanza na herufi K au W, hufuata tarakimu tatu za namba ya chaneli, kisha herufi mbili. Namba hiyo ndiyo inayoonyesha masafa: chaneli 200 ni megahezi 87.9, na kila chaneli inayofuata huongeza megahezi 0.2, hivyo transleta yenye namba 250 husikika kwenye 97.9.

Shida yenu ya jioni inatokana na anga lenyewe. Mchana, tabaka la chini la ionosfera hufyonza mawimbi ya AM yanayopaa juu, na kinachomfikia msikilizaji ni yale yanayotambaa ardhini. Usiku tabaka hilo hutoweka, mawimbi hugonga tabaka za juu na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka mnara ulipo, yakavuruga vituo vingine vyenye masafa hayohayo. Ndiyo maana vituo vya daraja D, ambalo yaelekea ndilo lenu, huamriwa kupunguza nguvu sana au kuzima kabisa baada ya machweo. Mawimbi ya FM hayarudishwi na anga kwa namna hiyo katika hali ya kawaida, kwa hiyo transleta husikika usiku kama inavyosikika mchana.

Transleta zilianza kupewa leseni mwaka 1970, lakini kwa takriban miaka 40 vituo vya AM havikuruhusiwa kuzitumia. Mlango ulifunguliwa mwaka 2009, pale Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, ijulikanayo kwa herufi FCC, iliporuhusu kituo cha AM kurushwa upya na transleta ya FM. Mwaka 2015 Tume ilipitisha mpango wa kufufua AM, na mwaka 2016 ikatoa nafasi maalumu kwa kituo cha AM kununua transleta iliyo mbali hadi maili 250, yaani kama kilomita 400, na kuihamishia kwake. Madirisha mengine ya maombi mapya yalifuata mwaka 2017 na 2018. Kuhusu daraja D kuna kifungu ambacho mmiliki wenu anapaswa kukijua kwa moyo: transleta inaweza kuendelea kurusha usiku mzima hata kama AM yenyewe imezimwa, mradi AM hiyo ilikuwa hewani ndani ya saa 24 zilizopita.

Kwa maoni yangu hiki ndicho kifungu kilichobadilisha maisha ya vituo vidogo kuliko kingine chochote. Kituo kilichokuwa kikinyamaza wakati wa mechi ya shule ya sekondari siku ya Ijumaa usiku, au wakati wa onyo la kimbunga, sasa kinaweza kuzungumza na mji wake. Tofauti kubwa na kituo cha kawaida cha FM, hata hivyo, haiko katika nguvu bali katika haki. Kisheria transleta ni huduma ya daraja la pili: kituo kamili kikihitaji nafasi yake, transleta ndiyo inayohama. Waeleze wateja wako jambo hilo kwa uwazi kabla hamjabandika namba ya FM kwenye magari na mabango.

Wati 250 zinafika wapi? Muuzaji mmoja ametuonyesha ramani yenye duara kubwa linalofunika wilaya nzima, nami kama mhasibu wa kituo nashindwa kuamini.

Unafanya vizuri kusita. Mstari unaochorwa kwenye ramani kwa kawaida ni ule wa desibeli 60, kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayofika mahali, sawa na milivolti 1 kwa mita. Mstari huo hukadiriwa kwa antena ya kupokelea iliyo mita 9 hivi juu ya ardhi, na kwa maana ya kwamba nusu ya sehemu zilizo pale mpakani zitapata kiwango hicho kwa nusu ya muda. Redio iliyo kando ya kitanda, ndani ya jengo la matofali au lenye paa la chuma, haiko katika hali hiyo. Kwenye gari utasikia vizuri hadi karibu na mstari na pengine kuuvuka, lakini ofisini na nyumbani duara lako la kweli ni dogo zaidi.

Vipimo viwili vitakusaidia kulinganisha. Kituo cha jamii cha nguvu ndogo chenye wati 100 na antena yenye kimo cha mita 30 juu ya wastani wa ardhi inayokizunguka hufikisha desibeli 60 umbali wa kilomita 5.6. Kituo cha biashara cha daraja A, chenye kilowati 6 na kimo cha mita 100, hufika kama kilomita 28. Transleta yenu itakuwa katikati, na kitakachoamua iegemee upande gani ni kimo cha antena. Kwa kukadiria tu, ili kuongeza umbali mara 2 kwa nguvu peke yake ungehitaji kuongeza nguvu karibu mara 16, jambo ambalo sheria haikuruhusu. Lakini kwa transleta inayofanya kazi ndani ya eneo la kituo mama hakuna kikomo cha kimo, na hapo ndipo fedha zenu zinapaswa kwenda. Nafasi ya kukodi juu ya mnara ulio kilimani ina thamani kuliko mtambo mpya unaong'aa uliofungwa kwenye paa la ofisi.

Mwombe muuzaji akupe pia ramani inayozingatia milima na mabonde, na aonyeshe antena itaelekezwa wapi. Transleta nyingi hutumia antena za mwelekeo, ambazo hubana mawimbi upande mmoja ili zisiguse kituo jirani, hivyo lile duara zuri kwa kweli huwa na pengo. Pengo hilo likiangukia kwenye barabara yenye maduka ya wateja wenu, heri mlijue kabla ya kutia saini.

Kituo chetu ni cha FM cha biashara, Colorado. Mlima mmoja unatuficha kwa mji ulio ndani ya eneo letu, na ng'ambo yake uko mji mwingine ulio nje kabisa ya eneo. Je, tunaweza kuweka transleta kote kuwili?

Kwa mji wa kwanza, ndiyo. Transleta ambayo mpaka wake wa usikivu umo ndani ya mpaka unaolindwa wa kituo mama huhesabiwa kuwa ya kujaza pengo. Mnaweza kuimiliki wenyewe, kuigharamia, na kuifikishia sauti kwa njia ya ardhini mnayoona inafaa.

Kwa mji wa pili hali hubadilika kabisa. Tangu kanuni zilipokazwa mwaka 1990, kituo cha FM cha biashara hakiwezi kumiliki transleta inayotangaza nje ya eneo lake, na wala hakiwezi kugharamia uendeshaji wake. Mtu huru asiye na uhusiano nanyi anaweza kuiomba na kuiendesha, lakini naye hana budi kuipokea sauti yenu moja kwa moja kutoka hewani. Shabaha ilikuwa kwamba transleta zisaidie watu wasiosikika, zisiwe njia ya kituo kimoja kuvamia soko la mwenzake bila leseni ya soko hilo. Wapo wamiliki wanaoiona kanuni hii kuwa ya kizamani. Mimi naiunga mkono, kwa kuwa mji wa ng'ambo ya mlima, kama una kituo chake kidogo kinachoishi kwa matangazo ya maduka machache, hauwezi kugawana fedha hizo na mgeni asiyetuma hata mwandishi mmoja kwenye kikao cha halmashauri yake.

Vituo vya AM vina kipimo chao. Tangu mwaka 2017, mpaka wa desibeli 60 wa transleta unatakiwa kubaki ndani ya mpaka wa mchana wa milivolti 2 kwa mita wa kituo hicho, au ndani ya maili 25 kutoka mnara wake, ambazo ni kilomita 40, kwa kutazama lipi ni kubwa zaidi. Kabla ya hapo ilikuwa lililo dogo zaidi, na vituo vingi vilivyo nje kidogo ya miji vilikosa kuwafikia hata watu wao wenyewe.

Je, tunaweza kuweka tangazo la biashara kwenye transleta peke yake, tofauti na linalosikika kwenye kituo mama?

Hapana. Transleta hurusha kile kinachorushwa na kituo mama. Ukiacha zile saa za usiku ambapo AM ya daraja D imezimwa, kinachoruhusiwa kuanzia kwenye transleta yenyewe ni maonyo ya dharura, pamoja na sekunde 30 tu kwa saa za kuomba au kushukuru msaada wa fedha. Msichanganye na busta, mtambo unaorusha kwa masafa yaleyale ya kituo chake cha FM. Busta ndizo zilizoruhusiwa mwaka 2024 kubeba maudhui tofauti kwa muda usiozidi dakika 3 kwa saa, na kituo cha AM hakiwezi kuifanya transleta yake kuwa busta kwa kubadili jina tu.

Mimi ni mtangazaji wa kujitolea katika kituo cha jamii cha nguvu ndogo. Katika jiji letu kampuni moja kubwa ina vituo kadhaa vya FM, na sasa imeanzisha "kituo kipya" ambacho kumbe ni transleta. Inawezekanaje, ilhali sisi tuliambiwa hakuna masafa yaliyobaki?

Barua yako imenigusa, nami nitajibu bila kuficha upande wowote.

Tangu mwaka 2002 vituo vya FM vya Marekani vimeruhusiwa kuambatanisha mawimbi ya dijitali ya HD Radio na yale ya kawaida. Ndani ya mawimbi hayo kituo kinaweza kubeba vipindi vya pili na vya tatu, vinavyoitwa HD2 na HD3, ambavyo msikilizaji asiye na redio ya aina hiyo havipati. Kampuni huchukua HD2 yake, ikaifanya kuwa kituo mama cha transleta, na ghafla muziki uliokuwa ukisikilizwa na wachache unasikika kwenye kila redio ya jiji kwa wati 250. Kwa msikilizaji ni kituo kipya. Kwa sheria ni marudio tu. Na kwa kuwa transleta hazihesabiwi katika ukomo wa umiliki, ambao tangu mwaka 1996 umekuwa vituo visivyozidi 8 katika soko kubwa kabisa, na visivyozidi 5 kati yake vikiwa vya bendi moja, kampuni iliyokwisha kufika kwenye ukomo hupata sauti nyingine bila kuuvuka.

Je, ni kosa? Kwa kanuni zilivyo, si kosa. Je, ndiyo kazi ambayo transleta iliundwa kuifanya? Sioni hivyo. Kujaza pengo maana yake ni kumfikia mtu ambaye mlima au umbali umemnyima matangazo yaliyokusudiwa kwake. Hapa hakuna aliyenyimwa, ila pamepatikana njia ya kutumia chaneli ya FM pasipo kuishindania. Nakubali kwamba mara nyingine matokeo ni mazuri. Zipo HD2 zinazobeba vipindi vya lugha za wachache, ambazo kamwe zisingepewa kituo kizima katika jiji ghali. Lakini ikiwa ni orodha ya nyimbo inayopigwa na kompyuta iliyo jimbo jingine, jiji halijaongezewa kitu.

Kuhusu masafa yenu, historia yake ni hii. Huduma ya vituo vya jamii vya nguvu ndogo iliundwa na FCC mwezi Januari 2000, na mwaka huohuo Bunge la Marekani likaibana kwa sheria iliyozuia vituo hivyo kukaribiana na vituo vikubwa kwenye mizani ya masafa. Kabla havijapata kuenea mijini, Machi 2003 Tume ilifungua dirisha la maombi ya transleta, na yakamiminika zaidi ya 13,000. Foleni hiyo ilikaa juu ya chaneli za miji kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 2010, iliyotiwa saini na Rais Obama Januari 2011, ililegeza kizuizi cha awali na kutamka kwamba transleta na vituo vya jamii vya nguvu ndogo ni sawa kwa daraja, vyote vikiwa vya pili baada ya vituo kamili. Dirisha kubwa la vituo vya jamii lilikuja mwaka 2013, na jingine Desemba 2023. Usawa huo wa daraja una maana moja kwa vitendo: aliyetangulia kupata kibali analindwa dhidi ya anayefuata. Walioambiwa kwamba nafasi zimekwisha waliambiwa kweli, isipokuwa hawakuelezwa ni nani aliyezimaliza.

Neno moja kwa ndugu zetu wa vituo vya biashara wanaosoma hapa. Anayetumia HD2 akumbuke kwamba uhai wa transleta yake umefungwa kwenye uhai wa HD2 hiyo. Mtambo wa dijitali ukizimika, transleta nayo haina haki ya kuendelea, hata kama hakuna msikilizaji hata mmoja anayeifuata HD2 kwenye redio yake.

Ndugu Mhariri, tumepokea barua kutoka kituo kikubwa kilicho mbali, kikidai transleta yetu inawavuruga wasikilizaji wake. Fundi wetu anasema tukae kimya. Tufanyeje? Tena, kuna mtu anataka kununua shamba la minara yetu ya AM. Je, tukiuza tunaweza kubaki na FM peke yake?

Msikae kimya. Hadi mwaka 2019 malalamiko ya msikilizaji mmoja, mahali popote, yangeweza kuizima transleta. Kanuni zilizopitishwa Mei mwaka huo zimeweka utaratibu wenye haki zaidi kwa pande zote. Kituo kinacholalamika sasa kinapaswa kuleta malalamiko ya wasikilizaji kati ya 6 na 25, kulingana na idadi ya watu katika eneo lake. Kila msikilizaji hutia saini, hutaja jina na anwani yake na mahali anapovurugwa, huthibitisha kwamba husikiliza kituo hicho hewani angalau mara 2 kwa mwezi, na hutamka kwamba hana uhusiano wa kisheria, wa ajira, wa fedha wala wa kifamilia na kituo hicho. Tena sehemu hizo kwa kawaida ziwe ndani ya mpaka wa desibeli 45 wa kituo kinacholalamika. Barua mliyopokea ikiwa haina mambo hayo, bado haijawa malalamiko kamili.

Hata hivyo, kama wasikilizaji wapo na wanavurugwa kweli, jukumu la kurekebisha ni lenu, kwa sababu nyinyi ndio wa daraja la pili. Mnaweza kuigeuza antena, kupunguza nguvu, au kuhamia chaneli nyingine. Kanuni hizohizo za mwaka 2019 ziliruhusu transleta iliyobanwa kuhamia chaneli yoyote iliyo wazi katika bendi kwa kuhesabiwa kuwa badiliko dogo, badala ya kufungwa kwenye chache za jirani. Mpeni fundi kazi hiyo wiki hii. Atafute chaneli ya akiba, apime, na aangalie pia zile zilizotofautiana na kituo cha karibu kwa megahezi 10.6 au 10.8, kwa maana redio nyingi hufanya kazi ndani kwa masafa ya kati ya megahezi 10.7, na jozi ya namna hiyo huzifanya zikoroge sauti hata pale ambapo ramani haionyeshi tatizo lolote. Kisha kiandikieni kituo kile, mkiwaeleza mnachofanya na lini mtamaliza. Mhandisi anayejibiwa kwa adabu na kwa vipimo ana sababu chache za kukimbilia Tume.

Kuhusu shamba, jibu ni hapana. Naelewa kishawishi chake, kwani mnara wa AM wenyewe ndiyo antena. Kwa kilohezi 1000 robo ya wimbi ni mita 75, na chini yake huzikwa nyaya za shaba zinazosambaa kila upande, kwa kawaida 120. Eneo hilo likimezwa na mji, ardhi huweza kuwa na thamani kuliko kituo chenyewe. Lakini leseni ya transleta yenu haina maisha bila AM. AM ikinyamaza, kile kifungu cha saa 24 hakiwaokoi zaidi ya siku moja, na kituo chochote kilichokaa kimya miezi 12 mfululizo hupoteza leseni yake kwa mujibu wa sheria. Wasikilizaji wenu huenda wamesahau kabisa kwamba kuna AM, na watangazaji wenu wanataja namba ya FM tu, lakini sheria inaitambua AM kwanza.

Iko njia ya katikati. Vituo viwili vya AM vinaweza kutumia mnara mmoja kwa kufungiwa vichujio vinavyotenganisha masafa yao, na wapo wengi waliouza mashamba yao kwa njia hiyo wakabaki hewani. Itawalazimu kupata kibali cha kuhama, na kuhakikisha kwamba kutoka mnara mpya bado mnaufikia mji uliotajwa kwenye leseni, na kwamba transleta bado imo ndani ya zile kilomita 40 au ndani ya mpaka mpya wa mchana. Zungumzeni na kituo jirani na kumwajiri mhandisi wa AM afanye hesabu hizo kabla hamjamjibu mnunuzi.